Mikono ya Aliyelala

Simu iliyoingia Tume ya Kulinda Haki za Wanawake asubuhi ile haikudumu. Aliyeipokea ni afisa mchunguzi ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha neno wala hatua. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke, nzito, kama ya mtu anayeongea huku anazama.

"Mimi ni mwendesha kreni bandarini," ilisema. "Mume wangu amewaambia watu nimerukwa na akili. Nipo kwenye nyumba ya mapumziko, ile ya kilimani. Kesho mahakama inaamua mtoto wetu alelewe na nani. Hapa wanatulaza, dada. Wanatulaza mchana kutwa."

Kisha mtu akaichukua simu mkononi mwake. Bi Taratibu alisikia pumzi nyingine, tulivu, ya mtu anayetega sikio. Laini ikakatika.

Angeondoka muda uleule, lakini hati ya ukaguzi ilihitaji sahihi ya Mwenyekiti wa Tume, mama mmoja wa makamo, mwenye adabu za kizamani na kalamu ya wino. Aliisoma hati mpaka mstari wa mwisho, akatia sahihi, akafunika kalamu.

"Nimeshawapigia kuwaarifu kwamba unakwenda," alisema. "Daktari wao ni mtu muungwana."

"Mama, ungeniacha nikawakute walivyo."

"Sisi si polisi, binti yangu. Sisi tunaingia kwa hodi."

"Na wao wamepata nafasi ya kupanga viti," Bi Taratibu akajibu, akaichukua hati.

Njia ya kilimani ilikuwa imejaa ukungu, na kadiri walivyopanda ndivyo dunia ilivyopungua. Kwanza yalitoweka mapaa ya mji, kisha nguzo za umeme, kisha hata kingo za barabara. Aliyeshika usukani alikuwa Koplo, askari wa kike aliyeazimwa na polisi kwa kazi za Tume, mpana wa mabega na mchache wa maneno mpaka apate mzaha.

"Huku hata gari linasinzia," alisema. "Nikikoroma nipige kofi."

"Simama pale kwenye geti jeupe."

"Bi Taratibu, kila kitu hapa ni cheupe."

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, ya ghorofa, na madirisha yake yote yalikuwa na mapazia ya rangi ya maziwa. Ndani kulinukia sharubati ya dawa, tamu kidogo kuliko inavyopaswa. Hakukuwa na sauti ya redio wala ya sufuria. Kwenye meza ya mapokezi hakukuwa na mtu. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, mkoba ulikuwa wazi, na kikombe cha chai kilikuwa bado kinafuka. Kwenye ukingo wa kikombe kulikuwa na alama ya rangi ya mdomo, ya zambarau iliyoiva. Bi Taratibu aligusa kikombe kwa mgongo wa kidole, kisha akarudisha mkono mfukoni.

Kwenye benchi la korido alikaa bibi kizee mwenye gauni la kijivu, amefumbata mikono mapajani.

"Shikamoo, bibi," Bi Taratibu akamwamkia.

Bibi alimtazama kwa muda. Midomo yake ilianza kazi kabla sauti haijafika. "Ma… raha… ba," alisema, akilivuta kila kipande kama mtu anayevuta ndoo kisimani, na ilipofika juu alikuwa ameshachoka. Akafumba macho.

"Ni umri," ilisema sauti nyuma yao.

Daktari alikuwa mwembamba, mwenye viatu visivyotoa mlio. Pembeni yake alisimama Matroni, mama mnene mwenye mafungu ya funguo kiunoni na uso usioeleza kitu. Bi Taratibu alimsikiliza anavyopumua. Ilikuwa ni ile pumzi ya kwenye simu, tulivu vilevile, na akamweka Matroni juu kabisa miongoni mwa watu wa kuchungwa.

"Karibuni sana," alisema Daktari. "Mwenyekiti wenu amenieleza. Mgonjwa mnayemtafuta yuko juu, na mumewe yuko naye. Amejileta mwenyewe hapa, kwa hiari yake."

"Nitafurahi kulisikia kutoka kwake."

"Bila shaka. Ila naomba msipite vyumba vingine. Wagonjwa wetu wanahitaji faragha."

"Sheria ya Tume inaniruhusu kuingia mahali popote wanawake wanapowekwa," alisema Bi Taratibu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Tuanze na huyu. Mengine yatajileta."

Chumba cha juu kilikuwa na mwanga laini na kitanda kimoja. Mwanamke wa umri wa kati alilala ameegemea mito, kilemba cheupe kimefunika nywele zake. Kando yake alikaa mwanaume mtanashati, wakala wa bima, aliyeshika mkono wa mgonjwa kwa viganja vyake viwili.

"Huyu ndiye mke wangu," alisema mume. "Ametuhangaisha, lakini tunamshukuru Mungu. Mpenzi, hawa ndio wageni wa Tume."

"Nimewasumbua bure," alisema mwanamke. "Nilipopiga simu nilikuwa nimechanganyikiwa. Nipo hapa kwa hiari yangu, napata matibabu mazuri, na sina malalamiko yoyote. Naomba faili lifungwe."

Maneno yalitoka safi, moja baada ya jingine, kama taarifa ya habari. Koplo alimtazama Bi Taratibu kwa pembe ya jicho. Kwa sheria, mtu mzima akishasema hivyo mbele ya afisa, Tume haina cha kumfanya zaidi ya kumtakia afya njema. Daktari alikuwa ameshasogea kuelekea mlangoni, tayari kuwatoa.

"Unakunywa dawa gani, dada?" aliuliza Bi Taratibu.

"Za kutuliza," akadakia mume. "Asubuhi na mchana."

"Sawasawa na za yule bibi wa kwenye benchi?"

"Wote wanapata matibabu ya aina moja," alisema Daktari.

"Ahaa." Bi Taratibu alivuta kiti, akakaa. Mwanga wa dirishani ulitembea juu ya shuka. "Nimekuwa nikitamani sana kumuuliza mtu wa kreni. Kazi ile ikoje?"

Mwanamke alimtazama mume. "Unabeba makontena. Unabonyeza, yananyanyuka."

"Msimchoshe," mume akasema.

"Hatutamchosha. Ila mahojiano ya Tume hufanywa bila jamaa chumbani. Dada, unaweza kutembea? Nimeona roshani hapo nje. Twende tupate hewa, mimi na wewe."

Mume alisimama. Koplo naye alikuwa ameshasimama, na kati yao hapakubaki njia ya paka. "Bwana," alisema Koplo, "bora nimekupata. Nina gari langu bovu, limegongwa na ng'ombe. Hebu nieleze, ng'ombe yumo kwenye bima au hayumo?"

Roshani ilining'inia juu ya bustani, na bustani ilikuwa imezama kwenye ukungu. Miti ilitokeza vichwa tu. Uzio wa roshani ulikuwa mfupi, wa vyuma vyembamba. Bi Taratibu aliuegemea kwa viwiko, akatazama chini, akasubiri.

Mwanamke hakumfuata. Alibaki amebana mgongo ukutani, mkono mmoja umeng'ang'ania fremu ya mlango, macho ameyafumba.

"Sogea uone maua," alisema Bi Taratibu.

"Nayaona kutoka hapa."

"Kwa macho yaliyofumbwa?"

Jasho jembamba lilimtoka mwanamke chini ya kilemba.

"Kreni za bandarini zinaizidi nyumba hii kwa urefu mara kadhaa," aliendelea Bi Taratibu, taratibu kama anayemsimulia mtoto. "Mtu anapanda ngazi ya chuma kila siku, anakaa kwenye kibanda chenye sakafu ya kioo, anatazama meli katikati ya miguu yake. Ningetegemea roshani hii uione kama kigoda. Tena kuna rangi imebaki hapo, kwenye pembe ya mdomo wako. Ulifuta haraka. Nadhani chai yako kule mapokezi imeshapoa."

Mwanamke aliteleza ukutani mpaka akakaa chini. Alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akaitazama ile zambarau kama si yake.

"Kazi hii nimeipata juzi," alisema. "Nina watu wananitegemea. Daktari kaniambia lala kidogo tu, sema maneno haya, wageni wataondoka. Sikujua kuna mtoto kwenye hili jambo. Nimelijua mume alipokuwa ananifundisha."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kweli sijui. Mimi mwisho wangu ni mapokezi. Chini kuna ukumbi wa mapazia, siruhusiwi kuingia." Aliinua uso. "Nitafungwa?"

"Utaandika maelezo, yote, kama yalivyokuwa. Huo ndio mwanzo. Inuka, nishike mkono. Usiangalie bustani."

Waliporudi chumbani, mume alikuwa bado anaeleza habari za ng'ombe na Koplo anatikisa kichwa kwa masikitiko. Mume alimwona mpokea wageni ameshikwa mkono kama mtoto aliyeanguka, akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

"Daktari," alisema Bi Taratibu, "nipeleke ukumbi wa mapazia."

"Haiwezekani. Wale wamelala. Wakishtuliwa wanaweza kuumia. Mimi ndiye ninayewajibika kitaalamu."

"Utawajibika, usiwe na wasiwasi. Koplo, huyu bwana naye tufuatane naye."

Walishuka ngazi kimyakimya. Chini kabisa, mwisho wa korido, palikuwa na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya ukuta, hivi kwamba mtu angeweza kupita asiuone. Daktari alisimama mbele yake na kusema ufunguo umepotea. Alilisema bila kumtazama mtu.

Matroni alitoka nyuma ya kundi. Alichagua ufunguo mmoja kwenye fungu lake, akampita Daktari kama anavyopita kiti, akafungua.

"Simu ilikuwa yangu," alimwambia Bi Taratibu. "Mimi ndiye niliyempigia ile namba. Nilimnyang'anya nilipowasikia wanakuja, kisha nikabaki nasikiliza kama kuna mtu kweli upande wa pili. Miaka yote hii sikuwahi kuamini kama yuko."

Bi Taratibu alimtazama upya. Alikuwa amemkadiria vibaya, na hilo alilikubali bila kulisema.

"Ingia, nikuonyeshe kitanda chake," alisema Matroni.

"Hapana, mama. Usinionyeshe. Leo nimeshaonyeshwa mmoja."

Ukumbi ulikuwa mrefu na wenye nuru ya chini ya maji. Mapazia ya kitambaa chepesi yalishuka kutoka darini, na upepo wa dirisha moja uliyajaza na kuyaacha, kana kwamba nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa inavuta pumzi. Kati ya mapazia kulikuwa na vitanda, na kwenye vitanda wanawake, wazee kwa vijana, wote na gauni la kijivu, wote na nywele zilizokatwa karibu na ngozi. Hapakuwa na jina popote. Mmoja alikuwa amefumbua macho anatazama dari bila kuiona. Mwingine alitabasamu. Bi Taratibu alipita kitanda hadi kitanda, akitenga mapazia kwa vidole viwili, na kila alipoinama alikutana na uso uleule wa amani ambayo hakuna aliyeiomba.

Mume alisubiri mlangoni. Koplo alisimama naye, na safari hii hakuwa na hadithi ya ng'ombe.

Bi Taratibu alikuwa amekaribia ukuta wa mwisho alipomwona. Mwanamke alilala chali, usingizi wa kina, kinywa wazi kidogo. Uso ulikuwa kama nyuso nyingine. Lakini mikono yake ilikuwa kazini.

Mkono wa kulia ulishika kitu kisichokuwepo juu ya shuka, ukakisukuma mbele kidogo, kwa utulivu mkubwa. Wa kushoto ulivuta nyuma, ukasita, ukarekebisha kwa upana wa unywele. Kidole gumba kilibonyeza. Kisha mikono yote ikatulia pamoja, ikangoja. Kuna kitu kilikuwa kinayumba mahali fulani, na yeye alikuwa anakipa nafasi kiache kuyumba. Halafu mkono wa kulia ukaanza kushusha polepole, inchi kwa inchi, kama anayemlaza mtoto mchanga asiamke.

Bi Taratibu hakumgusa. Alisimama pale mpaka mzigo ulipofika chini na vidole vikafunguka. Ndipo akapiga goti, akakigeuza kiganja. Chini ya vidole, ngozi ilikuwa ngumu na ya kung'aa, safu nzima, pale ambapo vyuma vya ngazi hukaa.

"Koplo, mlete bwana."

Mume alikuja. Alipofika kwenye pazia la mwisho alisimama, akageuza uso ukutani.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bi Taratibu.

Bi Taratibu akauandika mgongo wake kama jibu.

"Hamjui ilivyokuwa," mume alisema baadaye, bado anautazama ukuta. Ile sauti tamu ya chumba cha juu haikuwepo tena. "Mtoto akiulizwa mama yako yuko wapi, anaonyesha angani. Watu wanamwambia pole. Wanadhani mama yake amekufa. Mimi nilitaka ashuke tu, awe mke kama wake wengine. Alipodai talaka na kumdai mtoto, Daktari akasema akionekana hana akili timamu, hakimu hatakuwa na njia ila kunipa mtoto."

"Na hili la kumlaza?"

"Alikuwa anapiga kelele."

"Ningekufungia wewe ukumbini kama mke wangu, hungepiga kelele?" Koplo alisema, kisha akagundua alichosema na kukunja uso. "Mnajua nilichomaanisha."

Hakuna aliyecheka, ila Matroni alipitisha kiganja mdomoni.

Mwendesha kreni alifumbua macho wakati Matroni anampa maji kwa kijiko. Aliwatazama wote bila kushangaa, kama mtu anayewaona kutoka mbali sana.

"Upepo umetulia?" aliuliza.

"Umetulia," alisema Bi Taratibu.

"Basi naweza kushuka." Alifumba tena macho, akayafumbua. Safari hii alikuwa amefika karibu zaidi. "Mtoto wangu."

"Ni kesho. Tunakwenda pamoja."

"Wewe ndiye yule wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani nimekuota," alisema mwanamke, na machozi yakamteremkia masikioni bila uso wake kubadilika.

Walimpeleka hospitali ya serikali mchana uleule. Madaktari wa huko walipima damu yake na kusema akili zake hazina tatizo lolote isipokuwa dawa alizonyweshwa. Dada yake mkubwa, aliyekuwa ameambiwa kwamba mdogo wake hataki kumwona ndugu yeyote, alikuja na nguo na viatu, akakaa pembeni ya kitanda akimsugua miguu irudi kuwa miguu.

Kesho yake aliingia mahakamani ameegemea bega la dada yake. Hakimu alimuuliza kama anaelewa yuko wapi na kwa nini. Alijibu kwa kuvuta maneno, akaomba radhi kwa kuyavuta, kisha akaeleza yote kuanzia siku mumewe alipomwambia wanakwenda kutembelea mgonjwa kilimani. Mpokea wageni naye alisimama, akasoma maelezo yake mpaka mwisho. Hakimu alikataa ombi la kumtangaza mwanamke yule kuwa hana akili timamu, akaamuru mtoto aende na mama yake, chini ya uangalizi wa Tume mpaka mama apate nguvu kamili. Mume na Daktari walitoka mahakamani kwa mlango mwingine, Koplo akiwa katikati yao.

Mtoto alikuwa ameletwa na bibi yake. Alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi za nje, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kuendelea. Alisimama mbele yake, nyuso zao zikiwa kimo kimoja, akamshika masikio yote mawili, akamkagua kwa muda mrefu.

"Umenyolewa," alisema.

"Nimenyolewa, mama."

"Zitaota?"

"Zinaota sasa hivi. Gusa."

Akagusa, akaona kweli.

Bi Taratibu hakukaa kuwatazama. Alirudi kilimani na gari la Tume, na nyuma yake magari ya hospitali. Ukungu ulikuwa umepungua, na ile nyumba ndefu ilionekana kama nyumba yoyote inayohitaji kupakwa rangi. Matroni alikuwa amefungua mapazia yote ya ukumbi. Dozi ya jana na ya asubuhi hazikutolewa, na wanawake walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, wengine wamekaa kitandani wanatazama viganja vyao, wengine wanalia kwa sauti ndogo, wengine wanaulizana ni mwezi gani.

Alivuta kiti hadi kitanda cha karibu na dirisha. Aliyekuwa pale hakuwa mzee wala kijana. Hakuna aliyempigia simu Tume kwa ajili yake, na Matroni alisema hajawahi kupata mgeni.

"Mimi natoka Tume," alisema Bi Taratibu. "Nina maswali mengi, lakini hayana haraka. La kwanza ni hili. Unataka kwenda wapi?"

Mwanamke aliligeuzageuza swali hilo kama kitu alichowahi kukimiliki. Alitazama dirisha, akatazama mlango uliokuwa wazi, na watu waliokuwa wanaingia na kutoka bila kuomba ufunguo.

"Nje," alisema. "Nikifika nje, uniulize tena."

Bi Taratibu alisimama, akampa mkono.